Asilimia 91 si Ushahidi

Swali ni lile lile, na wiki hii limenifuata tena hapa Batsinda, Kigali, safari hii kutoka kwa mwalimu anayesimamia shindano la insha za Kiingereza: ni programu gani ya kuaminika inayokamata insha zilizoandikwa na akili mnemba? Hakuna. Chini ya swali ameniwekea picha ya skrini: "asilimia 91" kwa wino mwekundu, na jina la kijana ambaye tayari ameondolewa shindanoni.

Mwalimu, namba ile ni makisio. Programu haikumwona kijana akiandika. Inachopima zaidi ni kama neno linalofuata lilikuwa rahisi kutabiriwa. Likitabirika mno, lawama inaangukia mashine. Sasa nani huandika kwa kutabirika? Ni mtu anayeandika kwa lugha ya darasani. Tangu Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, watoto wetu wamekuwa wakiandika vile tunavyowaelekeza: sentensi fupi, msamiati wa kitabuni usio na hatari, "kwanza", "pili", "kwa kumalizia". Wanatutii, kisha tunawaadhibu kwa utii huo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, kwenye programu saba za namna hii. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilisingiziwa kuwa kazi ya mashine. Za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote salama. Linaloniudhi zaidi ni hili: ChatGPT ilipopewa insha zile za TOEFL izitajirishe msamiati, tuhuma zilipungua sana. Aliyetoka jasho anakamatwa, aliyepambiwa na mashine anapita!

OpenAI, waliotengeneza ChatGPT yenyewe, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Katika majaribio yao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu ya udhaifu huo. Na usiniambie utatumia programu tatu uchukue wastani. Nyingi hupima jambo lile lile, kwa hiyo zitamwonea mtoto yule yule.

Wanaodanganya wapo, sikatai. Basi mwite mwandishi kwa dakika kumi akueleze aya yake ya pili na kwa nini aliiweka pale. Dai rasimu, hata za daftarini. Kama aliandika kwenye Google Docs, fungua historia ya mabadiliko. Mwambie aandike aya moja mbele yako. Shindano lijalo, tangaza mapema msaada gani wa mashine unaruhusiwa na upi lazima utajwe. Na huyo kijana wa asilimia 91 mrudishe kwenye orodha leo, kabla majaji hawajaanza kusoma.