Pasta wetu anakula wapi? Feza, uongozi na ukosefu wa makasisi katika kanisa yetu ya Anglikana



Mwezi uliopita parokia yetu ilibaki bila kasisi. Hakufa, hakufukuzwa. Alikuja kwenye komite siku ya posho jioni (jina la siku lenyewe linachekesha, mutaona juu ya nini), akafungua kadaftari kake, akasoma pole pole miezi ambayo hatukumtimizia haki yake. Ilikuwa miezi saba. Kisha akaniangalia mimi, juu mimi ndiye mtunza feza, walinichagua sababu nilisoma mambo ya uchumi. Akasema: «Baba, mimi siko na hasira na mtu. Lakini watoto wangu wawili wamerudishwa nyumbani juu ya minerval. Nimepata kazi ya kufundisha.» Tulimuombea, akaenda. Askofu tulimwandikia, akajibu kwa upole kwamba kwa sasa hana mwingine wa kututumia.

Jioni ile ile vijana wa parokia walianza kuandika kwenye simu. Mmoja: «Askofu atume feza!» Mwingine: «London wako wapi? Si kanisa hii ni ya Waingereza?» Mwingine tena, mwenye diplome kubwa kuliko yangu: «Parokia itafute pasta mwingine, imuajiri.» Nilisoma yote nikaona kitu kimoja: sisi wasomi tumekulia ndani ya kanisa hii, tumebatizwa mule, tumeimba kwaya mule, lakini hatujui inatembea namna gani. Mimi mwenyewe nilianza kuelewa tu siku nilipopewa ufunguo wa sanduku. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na London, juu hilo ndilo linarudiaka kila mara. Ni kweli Kanisa ya Uingereza iko na mali nyingi. Kule kuna chombo kinaitwa Church Commissioners, kiliundwa mwaka 1948, kinatunza mali ya zamani ya kanisa, mashamba, majumba na hisa, inayopita miliari 10 za pauni. Lakini mali ile ni ya Kanisa ya Uingereza. Askofu mkuu wa Canterbury anaheshimiwa na Waanglikana wa dunia yote, ila hana amri juu ya askofu wa Boga wala wa Bukavu, na hamlipi. Mfalme wa Uingereza naye ni mkubwa wa kanisa ya kwao tu. Kila provinsi ya Anglikana inajitawala na kujilisha. Misaada inakujaka, ndiyo: kujenga kisima, kuchapisha vitabu, kusomesha mutu mumoja mumoja. Mshahara wa pasta wa kijiji, hapana.

Na tena haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapa munivumilie kidogo, historia hii ni tamu.

Kabla ya Apolo Kivebulaya, walimu wawili kutoka Uganda walikuwa wametumwa Boga. Hawakudumu. Inasimuliwa kwamba walikosa chakula: wao walitazamia watu wa kule wawalishe, na chifu Tabaro naye aliona mutu mwenye mikono miwili alime. Apolo aliposikia habari hiyo, kabla ya kupanda milima ya kuja kwetu alinunua jembe. Akafika Boga mwaka 1896 na Biblia na jembe. Tangu utoto tunaambiwa habari hii kama mfano wa unyenyekevu. Mimi siku hizi naisoma kama habari ya budjeti. Swali la kwanza kabisa la kanisa yetu, mbele hata ya ubatizo wa kwanza, lilikuwa hili: mwalimu atakula wapi?

Nyuma ya jembe lile kulikuwa na mpango. Huko Uingereza, Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama cha wamisionari CMS katika karne ya 19, alifundisha kwamba kanisa changa inapaswa kufikia mambo matatu: kujiongoza, kujilisha na kujieneza. Askofu Alfred Tucker, aliyeongoza kazi ya Uganda tangu 1890 mpaka 1911, alishikilia neno lile. Walimu na makasisi Waafrika walilishwa na kanisa ya Waafrika, si na mfuko wa CMS. Kwa kujiongoza, Tucker alitaka hata wamisionari Wazungu waingie chini ya katiba moja na Waafrika, na wengi wao walimpinga. Ona sasa: ile sehemu ya kujilisha ilitimia haraka. Ile ya kujiongoza ilichelewa. Sitasema zaidi.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumika mpaka alipokufa Boga mwaka 1933. Lakini tusisahau kitu kimoja: mke wake alikuwa amekufa zamani, naye hakuoa tena. Hakuwa na minerval ya kulipa. Kasisi wetu wa leo ana mama wa nyumba, watoto, na mara nyingi watoto wa ndugu waliokimbia vita. Ukimwambia «fanya kama Apolo», unamdai mara sita.

Kisha tulipokuja chini ya Wabelgiji, jambo lingine lilitufunga. Misioni za Kiprotestanti ziligawana maeneo: hapa wa kundi hili, pale wa kundi lile. Anglikana ilibaki katika kona ile ya Boga. Ilienea kwa kweli baada ya uhuru wa 1960, na waliyoieneza si wamisionari bali watu waliohama: wachuuzi, walimu, wakulima waliotafuta mashamba. Wanafika mahali, hawaone kanisa yao, wanakusanyika chini ya mti, wanaandikia askofu upande wa Uganda. Boga ilipata dayosisi yake mwaka 1972, askofu wa kwanza akiwa Mwingereza Philip Ridsdale. Bukavu ikafuata mwaka 1976. Mwaka 1980 tuliunganishwa na Burundi na Rwanda katika provinsi moja, na mwaka 1992 tukawa provinsi peke yetu, Askofu mkuu wa kwanza Byankya Njojo. Ni habari nzuri, kanisa iliyojengwa na walei. Lakini angalia matokeo yake kwa feza: Wakatoliki walipata mashamba makubwa, gareji, matofali, nyumba za kupangisha. Sisi tulipata mti. Hatuna mali ya zamani inayozaa. Kila franka ya parokia yetu inatoka kwenye kikapu cha siku ya yenga.

Sasa, nani anaamua? Wengi munafikiri askofu anaamua yote. Si hivyo, na si kinyume chake. Kwenye kapela kuna evanjelisti na wazee. Kapela kadhaa zinafanya parokia, yenye kasisi na komite ya walei waliochaguliwa. Parokia kadhaa ziko chini ya arkidiakoni. Juu yao iko dayosisi na askofu. Sheria na budjeti ya dayosisi zinapita kwenye sinodi, ambako askofu, makasisi na walei wote wanakaa na kupiga kura. Mbele ya serikali tuko ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, ECC, juu sheria ya mwisho wa 1971 ilitambua tu Wakatoliki, Wakimbangu na muungano ule wa Waprotestanti. Na Askofu mkuu si tajiri anayekaa juu akigawa: yeye naye anabaki na dayosisi yake ya kuongoza. Titre Ande, aliyeshika kiti mwaka 2022, alikuwa askofu wa Aru.

Lakini fundo liko hapa, na ningependa mulisome mara mbili. Kwetu, anayemtuma kasisi ni askofu. Anayemlisha ni parokia. Yule kijana aliyesema «parokia imuajiri mwingine» alikuwa anawaza kanisa za uamsho, ambako wakristo wanaweza kujitafutia pasta na kumlipa. Kwetu haiwezekani, kasisi hasimami mahali bila barua ya askofu. Wakatoliki nao wanatumiwa padri, lakini padri hana bibi na watoto, na nyuma yake kuna shirika. Sisi tumechukua uzito wa pande zote mbili: mutu anatumwa kama padri, anafika na familia kama pasta. Na yule aliyemtuma hana sanduku la kumlipa, na wale wenye sanduku hawakumchagua. Wakati feza inakosa, kila upande unamwangalia mwenzake, na kasisi yuko katikati na kadaftari kake.

Niwaoneshe hesabu, kwa mfano tu. Tuseme siku ya yenga kikapu kimetoa franka 100.000. Kwanza inatoka sehemu ya dayosisi, maana hata biro ya askofu, safari zake na sinodi zinalishwa na parokia. Kisha divai na mishumaa. Bati lililopeperuka. Usafiri wa evanjelisti kwenda kwenye mkutano. Kuna kilio, parokia lazima ifike na kitu mkononi. Kuna wageni, na mgeni hawezi kulala njaa. Mwishoni tunaangalia kilichobaki, na hicho ndicho tunaita haki ya Pasta. Hakuna aliyeiba. Mimi nilitafuta mwizi katika vitabu vya miaka mitatu, nikakuta tu kwamba tulimpanga mtumishi wetu kwenye mstari wa mwisho.

Msaada mkubwa ulikuwa mavuno: mahindi, maharagi, mbuzi, kuku, vinapigwa mnada mbele ya kanisa na watu wanacheka wakipandishiana bei. Lakini mavuno yanahitaji shamba, na shamba linahitaji amani. Mwisho wa Mei 2021 Boga na Tchabi zilishambuliwa usiku, zaidi ya watu 50 wakauawa, na maelfu wakakimbia. Parokia iliyokimbia haina mnada. Na tangu Goma na Bukavu zilipoanguka mwanzo wa 2025, banki zilifunga milango, na hata mwenye feza kwenye konti alibaki kuiangalia kwa mbali. Makasisi walikimbia pamoja na watu wao, wakahubiri kwenye kambi. Kule nani ana kikapu?

Tena kuna ukosefu wa makasisi wenyewe. Katika utaratibu wetu, evanjelisti anaweza kuongoza sala ya asubuhi, kuhubiri, kuzika. Meza ya Bwana ni kasisi peke yake. Kwa hiyo kapela ya mbali inaweza kukaa miezi bila ushirika mtakatifu, si juu ya dhambi, bali juu ya mafuta ya moto. Na kumfikisha mutu ukasisi ni miaka. Kule Bunia kuna chuo chetu cha teolojia, kilichojulikana kama ISThA na kilichozaa Chuo Kikuu cha Anglikana. Mwanafunzi anafika na familia, parokia yake iliahidi kumsaidia, mwaka wa pili ahadi inakufa. Akimaliza na licence mkononi, shirika la misaada linampa kazi. Tutamhukumu?

Roland Allen, kasisi Mwingereza aliyekuwa mmisionari Uchina na aliyekufa Nairobi mwaka 1947 (mzee huyu katika uzee alijifunza Kiswahili mpaka akatafsiri utenzi), alibishana miaka mingi kwamba kanisa ibariki watu wenye kazi zao, walimu, wakulima, wafanya biashara, wawe makasisi pale wanapoishi bila kungoja mshahara. Maaskofu wengi hawakumsikiliza. Mimi nakubaliana naye nusu. Katika kapela zetu, mwalimu wa shule anayeheshimiwa angeweza kubarikiwa, na watu wasingekaa bila meza. Nusu nyingine naogopa: tukizoea kasisi asiyelipwa, hatutalipa hata mmoja, na mule ndani kutabaki wazee tu wenye pensheni.

Katika komite tulibadilisha mambo mawili. Haki ya kasisi inatoka sasa mara tu baada ya sehemu ya dayosisi, mbele ya bati na mbele ya wageni. Mzee mmoja alikasirika sana juu ya wageni. Na hesabu ya kila mwezi inabandikwa kwenye mlango wa kanisa, watu waisome wakiingia. Mwezi wa kwanza walei wenye diplome, mimi nikiwemo, tulionekana mule na namba ndogo kuliko wamama wanaouza ndizi. Hatukupenda. Mwezi wa pili namba zilipanda kidogo.

Ile miezi saba tuliiandika kama deni, si kama sadaka aliyotusamehe. Tumeigawa mara tatu, na sehemu ya kwanza nilimpelekea mwenyewe kwenye shule anakofundisha. Aliihesabu, akasaini, akaniuliza kama paa ya upande wa kwaya bado inavuja. Inavuja. Siku ya yenga hii evanjelisti wetu ataongoza sala ya asubuhi, kama juma lililopita, na kitambaa cheupe kitabaki juu ya meza.