Mbwa Shenzi Ana Thamani

Hapa kwetu mbwa asiyejulikana aina yake huitwa "mbwa shenzi". Jina hilo likishamkaa, chakula chake ni makombo, na chanjo hakuna anayeikumbuka. Kumbe yuko mbwa anayeuzwa ghali huko ng'ambo, na jina lake linatokana na neno lilo hilo. Huyo ni basenji.

Basenji asili yake ni misitu ya Kongo. Wawindaji walimtumia kuswaga wanyama mpaka kwenye nyavu. Kwa kuwa habweki, walimfunga njuga shingoni wapate kujua aliko. Mwaka 1937 alionyeshwa Uingereza katika maonyesho ya Crufts, watu wakafurika kumtazama. Leo hufugwa Ulaya na Marekani kama rafiki wa nyumbani.

Tutamtambuaje? Ni mdogo: dume ana kimo cha sentimita 43 hivi begani na uzito wa kilo 11, jike ni mdogo zaidi. Masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja juu ya mgongo. Si bubu, ana mlio wake wa kupanda na kushuka kama wimbo. Hujilamba akawa safi kama paka, na baridi haipendi. Jike huwa na joto mara moja kwa mwaka, hali mbwa wengi ni mara mbili. Aina hii husumbuliwa na ugonjwa wa figo wa kurithi: akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana na kukonda, aonwe na daktari wa mifugo.

Sasa si ati tunawaambia mchange pesa mnunue basenji. La. Tunasema matunzo anayopewa yeye, mbwa wetu pia anayahitaji:

1. Achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka.
2. Apewe dawa ya minyoo. Mkichinja kondoo, msimtupie maini au mapafu yenye vifuko vya maji. Minyoo yake hudhuru watu pia.
3. Apate maji safi kila siku na mahali pakavu pa kulala. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, humchoma tumboni.

Akiuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo apate sindano. Msingoje dalili. Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara ni kifo, na watoto wengi ni miongoni mwa wanaokufa.

Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu mmoja hawezi kufikisha hesabu hiyo, lakini kikundi kinaweza: mwiteni daktari wa mifugo, mpange siku moja, kila mwanachama alete mbwa wake na wa jirani. Katika mkutano wenu ujao ulizaneni: tuna mbwa wangapi hapa kijijini, na wangapi wamechanjwa mwaka huu?