Ukarabati wa nyumba: namna ya kumpata fundi mwaminifu kabla ya mvua

Kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho wakazi wengi wa Kigali hukarabati nyumba zao. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, ambako wazungumzaji wa Kiswahili wameishi kwa vizazi kadhaa, zipo nyumba za zamani za matofali mabichi ya udongo, yaani rukarakara. Plasta yake hubanduka na paa huanza kuvuja kadiri miaka inavyokwenda. Mwenye nyumba hutaka kazi iishe kabla ya mvua za Septemba, na haraka hiyo ndiyo inayowaponza wengi: hukabidhi nusu ya fedha, au zote, kwa mtu wasiyemfahamu, kisha hubaki na nyumba isiyo na paa.

Je, fundi mwaminifu hutambuliwaje?

Tazama kazi iliyokwisha kunyeshewa

Maneno matamu na picha za kwenye simu si ushahidi. Mwombe fundi akupeleke kwenye nyumba mbili au tatu alizozikarabati, na walau moja iwe imekamilika zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Plasta mpya hupendeza hata ikiwa saruji yake ni haba. Nyufa na unyevu hujitokeza baada ya misimu ya mvua kupita. Muulize mwenye nyumba mambo matatu: Je, kazi iliisha siku iliyoahidiwa? Je, bei ilipanda katikati ya kazi? Je, fundi alirudi alipoitwa kurekebisha kasoro?

Ikiwa ni kampuni, hakikisha imesajiliwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Anayejitambulisha kuwa ni mhandisi naye aonyeshe usajili wake, kwani taaluma hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2012 iliyounda chama cha wahandisi na kile cha wasanifu majengo.

Kibali na usalama

Kabla ya kubomoa chochote, uliza katika ofisi ya sekta au wilaya iwapo kazi yako inahitaji kibali. Fundi anayesema, "Usijali, tutamaliza kabla hawajafika," hakusaidii. Kazi ikisimamishwa, hasara ni yako wewe mwenye nyumba.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu mapaa ya zamani ya asbesto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na vumbi lake hutoka pale mabamba yanapovunjwa au kukatwa. Nchini Rwanda, Mamlaka ya Nyumba, RHA, imekuwa ikisimamia uondoaji wa mapaa hayo, nayo ni kazi ya watu waliofunzwa na wenye vifaa vya kujikinga. Anayejitolea kuyavunja kwa nyundo asubuhi moja anahatarisha afya yake, ya watoto wako na ya majirani.

Andikianeni

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba hauhitaji maneno magumu. Utaje kazi yenyewe, vipimo, aina ya vifaa, nani atavinunua, bei, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na atakayegharamia matibabu iwapo kibarua ataumia. Uandikwe katika lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, utiwe saini mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kazi ya ziada nayo iandikwe kabla haijaanza. Maandishi hayo humlinda fundi pia, kwani wapo wenye nyumba wanaokataa kulipa kazi ikishakwisha.

Fedha zifuate kazi

Ukiweza, nunua vifaa mwenyewe na utunze stakabadhi. Malipo ya ufundi yagawanywe kwa hatua. Tuchukue mfano wa ukarabati wa paa na plasta ambao gharama yake ya ufundi ni faranga 1,000,000. Fundi anaweza kupewa 100,000 anapoanza. 300,000 mbao za paa zikishasimama. 400,000 mabati na plasta vikikamilika. Na 200,000 zilizobaki zitolewe baada ya mvua za kwanza kunyesha bila paa kuvuja. Kwa utaratibu huu, fundi ana sababu ya kurudi, nawe una uwezo wa kumlipa mwingine iwapo wa kwanza atatoweka. Kulipa kwa simu huacha kumbukumbu. Ukilipa taslimu, daini hati yenye saini.

Mzozo ukitokea

Anza kwa mazungumzo mbele ya mashahidi wa mkataba. Yasipozaa matunda, uongozi wa mudugudu unaweza kuwasikiliza, na kwa madai yasiyo makubwa wapo abunzi, wapatanishi katika ngazi ya kagari. Huko utaulizwa mliandikiana nini na umelipa kiasi gani. Mwenye mkataba na stakabadhi ana la kuonyesha.

Fundi mzuri hachukizwi na masharti haya. Akikasirika kwa sababu umeomba kuona kazi yake ya mwaka jana, mshukuru na umtafute mwingine, hata kama Agosti inakaribia kwisha.