Watu wa Wati Tano

Miongoni mwa wanaredio wa ridhaa kuna ukoo unaojulikana kwa herufi tatu: QRP. Katika lugha ya Morse maana yake ni "punguza nguvu". Mmarekani mwenye leseni anaruhusiwa kurusha hadi wati 1,500. Watu wa QRP, wakitumia Morse, hawavuki 5, sawa na balbu ndogo ya LED.

Mila yao kubwa ni kujiundia chombo kwa mkono. Hukata vipande vya ubao wa shaba vilivyo kama ukucha, huvibandika kwa gundi juu ya ubao mwingine wa shaba, kisha hulehemu hapo transista na kapasita zikiwa zimesimama wima. Ukitazama kwa juu utadhani ni jiji la maghorofa, na ndiyo maana mtindo huo ukaitwa Manhattan. Nyumba ya chombo mara nyingi ni kopo la peremende za Altoids. Chombo kiitwacho Pixie kina transista mbili na chipu moja ya sauti. Kwa betri ya volti 9 hutoa chini ya wati moja.

Kinasikikaje? Nguvu ikipunguzwa hadi robo, mlio kwa mwenzako hushuka daraja moja tu la kipimo. Kutoka wati 100 hadi 5 ni madaraja mawili na ushei. Pengo hilo huzibwa na antena nzuri, hali ya anga la juu, na sikio la mtu wa upande wa pili. Hapo ndipo ninapowapendea. Anayenasa mlio hafifu kwenye megahezi 14.060 hupunguza mwendo wake, hurudia, hungoja. Mnyonge hapigiwi kelele, anasikilizwa. Wakiagana, badala ya 73, salamu ya wanaredio wote, wao hutuma 72: hata salamu imepunguzwa.

Mwaka 1974 kasisi wa Kianglikana, George Dobbs, alianzisha G-QRP Club huko Uingereza. Jarida lake, SPRAT, hutoka mara nne kwa mwaka likiwa limejaa michoro ya sakiti ambayo wanachama huchorea wenzao.

Msomaji wa Tanzania, leseni hutolewa na TCRA na jina la kituo chako litaanza na 5H. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na 5Z. Ipate kwanza, ndipo utafute kopo.