Venice yahesabu viingilio, wenye maduka wahesabu wateja

Katika siku zilizotangazwa, mgeni wa kutwa anayeingia Venice kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10:00 alasiri hulipa euro 5, na aliyechelewa kujisajili hutozwa 10. Anayelala hotelini hadaiwi, kwani kodi yake imo kwenye bili ya chumba. Utaratibu huo ulianza Aprili 2024 kwa siku 29, na mwaka uliofuata siku zikaongezwa hadi 54. Viongozi wa jiji waliutangaza kama dawa ya msongamano.

Takwimu inayotajwa zaidi na maofisa ni ya msimu wa kwanza: walipaji wapatao 485,000 na makusanyo ya karibu euro milioni 2.4. Ofisa mmoja huieleza kama ushahidi kwamba mpango umefaulu, akiongeza kwamba jiji sasa linajua nani anakuja na lini. Hoja ya taarifa ina uzito. Lakini tozo iliyowekwa kupunguza watu haiwezi kupimwa kwa wingi wa waliolipa. Ingekuwa inawazuia, makusanyo yangekuwa madogo, na hakuna hesabu iliyotolewa hadharani inayoonyesha wazi kwamba vichochoro vya San Marco vimepata nafasi.

Kinachouzwa hapa ni historia yenyewe. Basilika ya San Marco iliwekwa wakfu mwaka 1094. Daraja la mawe la Rialto lilikamilika mwaka 1591. Mnara wa kengele ulipoporomoka Julai 1902, jiji liliamua kuujenga upya palepale na kwa umbo lilelile, ukafunguliwa mwaka 1912. Jamhuri iliyojenga hayo yote awali kwa faida ya pilipili, hariri na chumvi ilianguka mwaka 1797. Tangu hapo mji umezidi kuishi kwa kuonyesha kile ambacho zamani ulikipata kwa biashara ya bahari.

Muuza vioo mmoja jirani na Rialto haoni tofauti kati ya kabla na baada ya kiingilio. Malalamiko yake ni kwamba mgeni wa kutwa hushuka treni asubuhi, hupiga picha darajani, hununua sumaku ya kubandika kwenye friji, kisha huondoka jioni na mkoba wake mwepesi. Anayeuliza bei ya bilauri iliyopulizwa kwa mkono ni yule aliyelala siku mbili tatu, na huyo, anasema, ndiye anayekimbizwa na msongamano. Anadai pia kwamba duka la pili kutoka kwake huuza vioo vilivyoingizwa kutoka Asia kwa sehemu ndogo ya bei yake, na mteja hatambui tofauti mpaka afike nyumbani.

Manung'uniko yake yana mizizi mirefu. Tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, kwa hofu ya moto katika mji wa nyumba za mbao. Kioo cha huko kilivuka bahari hadi kwetu: katika karne ya 19 shanga za Venice zilipakuliwa Unguja na kubebwa na misafara kupitia Bagamoyo hadi Unyamwezi na Ujiji, zikitumika kununulia chakula na kulipia hongo za njiani. Leo Murano ina nembo yake ya kisheria, iliyowekwa na mkoa mwaka 1994, lakini nembo haizimi ushindani wa bei. Tanuri huwaka usiku na mchana, na gesi ilipopanda mwishoni mwa 2021 baadhi ya mafundi walizizima.

Waendesha gondola wana nafuu. Leseni zao ni chache, zaidi kidogo ya 400, na nauli rasmi ya nusu saa mchana ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mwaka 2023.

Bahari nayo ina bili yake. Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 na kuharibu maduka mengi ya chini. Milango 78 ya kuzuia bahari ilianza kutumika Oktoba 2020, baada ya miaka ya kucheleweshwa na kashfa ya rushwa, na kwa ujumla imefanya kazi. Tatizo ni kwamba inapoinuliwa, meli za mizigo husubiri nje, na wakuu wa bandari hawalifurahii hilo.

Ila hesabu inayonitia wasiwasi zaidi ni ya wakazi. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na mwaka uliofuata vitanda vya wageni vikawazidi. Sheria ya nchi ya 2022 ililipa jiji mamlaka ya kuweka kikomo kwa nyumba za kupangishwa wageni kwa siku chache. Wenye nyumba wanapinga kubanwa, na wana kura. Muuza vioo wa Rialto anasema msaidizi wake hulala bara na kuvuka daraja kila asubuhi kwa sababu kodi ya chumba mjini imemshinda. Msimu ujao huenda ukawa mzuri kwa makusanyo. Kama yeye atapata wa kumrithisha duka, hilo hakuna ofisa aliyeniwekea tarakimu.