Forodha na Nyaraka Zake (III): Tamko la Mwenye Mali

Katika makala mbili zilizotangulia tulimfuata tajiri tangu alipoagiza bidhaa zake ng'ambo mpaka meli ilipofunga gati katika bandari ya Dar es Salaam, na tukaeleza ni nyaraka zipi zinazopasa kuwa mkononi mwake kabla kontena halijashushwa. Leo tunaingia katika kiini cha mas'ala yote, nacho ni tamko la forodha, yaani waraka ule ambao Tanzania Bara hujulikana kwa jina la TANSAD, na ambao siku hizi hauandikwi tena kwa kalamu, bali wakala huujaza katika mfumo wa TANCIS wa Mamlaka ya Mapato. Aghalabu watu huudhania waraka huu kuwa ni ombi, kana kwamba mtu huenda kubembeleza apewe mzigo wake. Kwa hakika ni ushahidi: mwenye mali hukiri mbele ya dola kwamba hii ndiyo bidhaa niliyoileta, huku ndiko ilikotengenezwa, hii ndiyo bei niliyoilipa, na huu ndio ushuru unaonilazimu, na kazi ya afisa wa forodha ni kuyapima maneno hayo, ama ayakubali, ama ayatilie shaka.

Zamani kukiri huko kulikuwa kwepesi. Kwa mujibu wa mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, bidhaa za Wamarekani zilizoshushwa Unguja zilitozwa asilimia 5 na basi, na forodha yenyewe ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyemlipa Sayyid kiasi kilichoafikiwa kwa mwaka, kisha akajikusanyia ushuru kwa mikono ya makarani wake. Kiwango kimoja kwa kila kitu hakihitaji elimu kubwa. Leo, chini ya Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2005, yako mafungu ya 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35 kwa mia, ghairi ya bidhaa kama sukari na mchele zilizowekewa viwango vyake mbali. Kwa hiyo ushuru hauwezi kujulikana mpaka bidhaa ijulikane kwanza ni kitu gani.

Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo anayejifunza kazi hii atakapotumia wakati wake mwingi. Kila bidhaa ina nambari yake katika msimbo wa HS, uliowekwa na Shirika la Forodha Duniani na kutumika tangu 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile Tanga, Muscat na Rotterdam, na nchi za Jumuiya huongeza 2 za kwao zikawa 8. Tuchukue cherehani. Sura ya 84 ni ya mitambo, 8452 ni cherehani, 8452.10 ni zile za kutumiwa nyumbani, 8452.21 na 8452.29 ni nyingine zisizo za nyumbani, za kujiendesha na zisizojiendesha. Nazo sindano zake zina nambari yao peke yao, 8452.30. Basi fundi mkuu aliyeagiza sanduku moja lenye cherehani za kiwandani na paketi za sindano hana ruhusa ya kuandika mstari mmoja tu, "vifaa vya ushonaji", akadhani amemaliza. Neno hilo halielezi lolote, kama vile "spea" na "bidhaa mchanganyiko" yasivyoeleza lolote, na rai yangu ni kwamba nusu ya ucheleweshaji unaolalamikiwa bandarini ungeondoka lau ankara zingeandikwa kwa maneno yanayoeleweka.

Msimbo huo una kanuni 6 za kuufasiri, na anayezipuuza huangukia kwenye hila ambazo hazimfai. Wako wanaofungua baiskeli vipande vipande, magurudumu mbali, fremu mbali, wakataraji kuwa zitapokewa kama vipuri. Kanuni ya pili imekwisha kulijibu hilo: kitu kilichoingia hali kimefunguliwa huhesabiwa kana kwamba kimeungwa, na hata kisichokamilika, maadamu kina sifa kuu za kile kilichokamilika, huhesabiwa kuwa ni kamili. Na panapokuwa na vifungu viwili vinavyoelekea kufaa kwa bidhaa moja, kanuni ya tatu huamuru kitangulizwe kile kinachoitaja bidhaa kwa umahususi zaidi.

Jambo la pili ni thamani. Forodha huanzia kwenye bei iliyolipwa hasa, au itakayolipwa, katika mauzo yenyewe, kisha huongeza nauli ya meli na bima mpaka bandari ya kuingilia. Na afisa akiikataa bei hiyo kwa sababu za haki, sheria imempangia njia nyingine 5 za kufuata kwa mpangilio wake, hana hiari ya kuruka atakako. Tuseme jumla hiyo ni shilingi 10,000,000 na bidhaa iko katika fungu la 25 kwa mia. Ushuru wa forodha utakuwa 2,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, haitozwi juu ya milioni 10, bali juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 12,500,000, nayo ni 2,250,000. Jumla ni 4,750,000 kabla ya tozo ndogo ndogo. Mfanyabiashara mgeni aghalabu hupiga hesabu zote mbili juu ya thamani peke yake, akashangaa fedha zake zilipopungukia.

Uzito nao usidharauliwe. Mitumba hutozwa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, kwa kufuata kilicho kikubwa. Marobota ya kilo 1,000 yenye thamani ya dola 1,000 yangedaiwa dola 350 kwa thamani, lakini kwa kilo ni dola 400, na hizo 400 ndizo zitakazolipwa. Kwa hiyo kilo zilizoandikwa katika orodha ya vifurushi, katika hati ya shehena na katika tamko sharti ziafikiane. Zikitofautiana, ushahidi umejipinga wenyewe.

Tamko likishapokelewa, mfumo hulielekeza katika mojawapo ya njia zinazoitwa kwa rangi: kijani hupita, njano hukaguliwa nyaraka, nyekundu mzigo wenyewe hutazamwa. Kisha hulipwa kodi, na forodha hutoa idhini ya kuachilia mzigo. Wengi husherehekea hapa kabla ya wakati. Idhini ya forodha inasema tu kwamba dola haina dai. Lakini wenye meli nao wana dai la nauli na la kontena lao, na hawatoi ile hati ambayo watu wa bandarini huiita DO mpaka walipwe, tena warejeshewe hati ya shehena ya asili iliyotiwa sahihi nyuma inavyostahili. Bandari nayo ina malipo yake ya kuhudumia na kuhifadhi. Dereva asiye na idhini zote hizo hatoki getini, na gharama za hifadhi hazimngojei mtu.

Msomaji atauliza: haya yote si kazi ya wakala? Ni kazi yake, na ndiyo maana hupewa leseni. Lakini Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imewashika wote wawili: wakala huhesabiwa kama ndiye mwenye mali, na mwenye mali hubeba maneno na matendo ya wakala aliyemwidhinisha. Tamko la uongo ni jinai yenye faini na kifungo, na forodha yaweza kuzidai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingia, hata kama bidhaa zilikwisha kuuzwa na kusahaulika. Kwa hiyo mtake wakala akuonyeshe tamko kabla hajaliwasilisha, ulisome mstari kwa mstari, na nakala yake uiweke.

Katika makala ijayo, inshallah, tutazungumzia haki ya kupinga uamuzi wa forodha, ambayo ina muda wake wa siku 30. Mwenye mzigo ulioko bandarini hivi sasa asiingoje: sheria imempa siku 21 tu za kuwasilisha tamko lake, nazo huhesabiwa tangu meli ilipoanza kupakua.