Usanifu wa Michoro kwa Vijana wa Kikristo
Sehemu ya Pili: Haki ya Msomaji

Juma lililopita tulieleza vyombo vya kazi hii, yaani kompyuta, programu zake na aina za herufi. Leo yatupasa tulikabili swali ambalo mwalimu wa sekondari ya Kikristo hana budi kulijibu kabla mwanafunzi wake hajachagua rangi hata moja, nalo ni hili: ukurasa hupangwa kwa ajili ya nani?

Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 31 na ya 35, chasimulia habari za Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, aliyejaliwa hekima na maarifa ya kufanyiza dhahabu, fedha, shaba, vito na miti kwa ajili ya hema ya ibada, na ambaye, pamoja na mwenziwe Oholiabu wa kabila la Dani, alitiwa moyoni pia kuwafundisha wengine. Basi ufundi huo ulikuwa amana, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuigeuza fahari ya nafsi yake.

Amana hiyo yaonekana katika mambo madogo. Biblia aliyoichapa Johannes Gutenberg mjini Mainz, Ujerumani, yapata mwaka 1455, ilianza kwa mistari 40 katika kila safu, kisha ikafikia 42, yamkini ili karatasi isizidi. Lakini kilichopunguzwa ni nafasi baina ya mstari na mstari, wala si ukubwa wa herufi, na pambizo zikabaki pana. Iktisadi ilipatikana, na jicho la msomaji halikudhulumiwa. Hata Unguja, zama za Askofu Edward Steere, matbaa ya misheni iliwafundisha wavulana waliookolewa katika utumwa kupanga herufi za risasi, kazi isiyotaka papara, kwa kuwa herufi hizo husomwa kinyume, na moja tu ikikosewa, pendo huwa pengo.

Kijana wa leo haoni risasi wala wino, walakini hesabu yake ni ile ile. Akichukua picha ya mtu bila idhini, amevunja amri inayokataza wizi. Akitangaza bei kwa herufi kubwa na kuyaficha masharti chini kwa herufi mfano wa chawa, ameshuhudia uongo, japo kila neno lililoandikwa ni kweli.

Kwa hiyo nashauri zoezi moja. Mwanafunzi atengeneze tangazo la harambee ya kanisa, alibandike mlangoni, kisha amwombe bibi mmoja mwenye macho hafifu alisome akiwa hatua sita mbali. Asipoiona siku, saa na mahali, kijana asimlaumu bibi, bali alibandue tangazo lake na kurudi mezani.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya rangi.